Nusu ya Pili ya Rili

Nizwa, 12 Oktoba 1997

Ami Thani,

Shikamoo. Ni mimi Aliya, binti wa nduguyo Nabhan. Natumai barua hii inakufikia ukiwa mzima, wewe na dada Turkiya. Sisi hatujambo. Mama miguu inamsumbua akisimama sana, lakini jikoni haingii mtu mwengine. Kaka Bader kapata mtoto wa kike, wamemwita Shahad. Mimi nasomesha skuli ya wasichana hapa Nizwa, huu mwaka wa pili. Niwie radhi kwa Kiswahili changu cha kuandika. Nimekipata kwa kusikia nyumbani, hakuna aliyenifundisha kukiandika.

Nimekupigia simu mara nyingi asubuhi kutoka skuli, haipokelewi. Ndiyo nikaamua kuandika.

Ami, baba alipofariki, mandolini yake iliwekwa juu ya kabati na hapana aliyeigusa. Mwaka huu nimeishusha, nimenunua nyuzi mpya Maskati, na najifundisha. Kwenye sanduku lake kulikuwa na kaseti. Baba anapiga ule muziki wenu aliokuwa akiuita rili. Nusu ya kwanza anaipiga mara mbili, vizuri sana. Anapoanza kupanda nusu ya pili, inakatika, na inaingia sauti ya Bader, mdogo bado, anahifadhi Suratul Mulk. Bader alirikodi juu yake bila kujua. Siwezi kumlaumu, na ile sura siwezi kuifuta.

Anayeijua nusu ya pili umebaki wewe. Nakuomba uipige, uirikodi, uniletee. Sitaki kuipiga rili ya baba kila siku nikafika njiani nikasimama.

Mama anajua kama nimekuandikia. Hakunipa salamu za kukuletea.

Mwanao,
Aliya bint Nabhan


Ibra, 9 Novemba 1997

Mwanangu Aliya,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaikunjua tena. Hongera kwa mtoto wa Bader, Mungu amkuze. Sisi wazima. Turkiya yuko benki, anarudi mchana amechoka na bado anataka kunipikia baba yake wali. Tende mwaka huu zilikuwa nzuri, ila maji ya mfereji wa falaji yamepungua, na zamu ya kumwagilia imekuwa maneno kwa majirani.

Simu mimi siipendi. Ukitaka kitu, andika.

Rili uliyoitaja ina khabari yake. Babu yako alikuwa karani wa telegrafu Unguja, na mkubwa wake wa kazi alikuwa Mskoti mmoja, Bwana Makrei, mtu mrefu, mpole, hana mke. Jioni akikaa barazani kwake na mandolini. Mimi na baba yako tukenda kusimama chini ya ngazi mpaka siku moja akatwambia tupande. Yeye ndiye aliyetufundisha. Kwao watu huicheza kwa kushikana mikono na kuzunguka, wanaume kwa wanawake, na huenda mbio mpaka watu watoke jasho. Sisi hatukuicheza, tukaipiga tu. Nusu ya kwanza akiianza baba yako. Ya pili nikiingia mimi, kwa kuwa inapanda kwenye nyuzi nyembamba na vidole vyangu vilikuwa vyepesi kuliko vyake. Kisha tunaungana. Tulipoondoka mwaka wa sitini na nne kila mmoja alikuwa na mandolini yake kwapani, na watu wakatushangaa kwamba hicho ndicho tulichookoa.

Kaseti hiyo nimempa dereva wa teksi anayekuja huko. Nimeipiga yote, mwanzo mpaka mwisho.

Msalimie mama yako, ikiwa salamu zangu atazipokea.

Ami yako,
Thani


Nizwa, 28 Novemba 1997

Ami yangu,

Shikamoo. Kaseti imefika salama. Mama mzima. Shahad ameanza kucheka. Skuli tuna mitihani, nasahihisha karatasi mpaka macho yanauma.

Nimekusikiliza siku nyingi kabla ya kuandika. Nusu ya kwanza ni ileile ya baba, nilijua mkono wa ndugu yake. Nusu ya pili imenitatiza. Nyuzi za juu zinatoka kando. Labda ndivyo ilivyo, mimi bado mwanafunzi, lakini nikifuata vile ulivyopiga, wallahi inauma masikio. Tena kwenye kaseti kuna simu inalia nyuma yako, inanizuia kusikia vizuri. Je, unaweza kuipiga tena polepole, ukaanza kwa kulinganisha nyuzi?

Na jambo jengine, Ami. Nilimpa mama salamu zako. Alikuwa anachambua mchele. Akanyanyuka akaenda kufunga dirisha, na dirisha lilikuwa limefungwa. Baina yenu kuna nini? Siku za matanga nilikuwa upande wa wanawake, sikuona kitu. Nilisikia tu kwamba ulikuja siku ya mwisho na hukukaa.

Aliya


Ibra, 10 Januari 1998

Aliya mwanangu,

Ramadhani karimu. Turkiya anakusalimu. Baridi mwaka huu inaingia mifupani, natoka msikitini na shali mbili.

Nilipiga kama Bwana Makrei alivyotufundisha. Nyuzi zangu ni sawa. Mandolini hii nimeishika kabla baba yako hajaoa, sidhani kama imenisahau. Fuata vidole, utaipata.

La matanga muulize mama yako. Mimi nilikwenda kumzika ndugu yangu nikakuta keshazikwa, hakuna aliyenambia. Nikaingia barazani, nikatoa salamu, hapana aliyeinuka. Nikakaa. Kahawa ikapita, ikaniruka. Bader alinitazama kama mtu anayetazama mwizi. Basi nikavaa viatu vyangu nikarudi Ibra. Sina zaidi ya hilo, na sitaki kulizungumza tena.

Ukishajua kuipiga, niletee nikusikilize.

Thani


Nizwa, 15 Februari 1998

Ami yangu,

Shikamoo, na Idi njema, ingawa imeshapita. Tuliwapelekea majirani halua, mama akapika mkate wa sinia. Bader alikuja na mkewe na mtoto. Sikuwauliza khabari ya matanga, ilikuwa Idi.

Nimejaribu nusu ya pili kwa njia yangu. Pale ulipopiga kando nimetafuta sauti iliyo karibu yake. Sijui kama ni yenyewe. Nakupelekea kaseti, unambie ukweli wako. Usinionee huruma. Kama nimeharibu, sema wapi.

Aliya


Ibra, 8 Machi 1998

Mwanangu Aliya,

Marahaba, na sisi wazima. Turkiya alikuwa na homa, sasa hajambo.

Kaseti yako nimeisikiliza yote. Mashallah. Mkono wako mwepesi na nusu ya pili umeipata barabara. Pale mwisho unakimbia kidogo, lakini hilo litatulia. Baba yako angefurahi. Sina la kukusahihisha.

Thani


Nizwa, 2 Aprili 1998

Ami Thani,

Shikamoo.

Jana nilikuwa napanga meza yangu ya skuli nikaikuta ile kaseti niliyokuwa nimerikodi rili. Iko hapa. Niliyokupelekea wewe ni nyengine, mpya, haijarikodiwa kitu. Nimekosea kutia kwenye bahasha. Ami, ulisikiliza kaseti tupu, ukanambia pale mwisho nakimbia.

Nilikaa nayo mkononi mpaka darasa likaanza kupiga kelele. Nilihisi umenicheza shere. Nilikuamini kuliko watu wa nyumbani kwangu, na wewe hata hukuitia kwenye mashine.

Nikaenda kwa mama nikamwambia: leo utanambia Ami Thani alifanya nini. Hakutaka. Nikamwambia sitoondoka jikoni. Basi akasema, na nakuandikia maneno yake mwenyewe:

"Baba yako alipokata roho, mtu wa kwanza tuliyemtaka ni Thani. Tukasema tusimzike mpaka nduguye aje. Bader akapiga simu. Akamwambia, 'Ami, baba amefariki.' Thani akacheka. Akasema, 'Mabruk, mabruk mwanangu, nimefurahi sana, Mungu awape kheri.' Kisha akakata. Bader akapiga tena, haikupokelewa. Akakaa chini pale sakafuni. Nikamuuliza, 'Anakuja?' Akanambia alichosikia. Mimi nikasema basi, mzikeni."

Hayo ndiyo aliyoyasema. Halafu akanambia, "Sasa unajua, na mimi sitaki kuyasikia tena."

Ami, ni kweli? Kama ni kweli, nipe sababu. Kama si kweli, sema, maana ndugu yangu si mwongo.

Aliya


Nizwa, 20 Juni 1998

Ami,

Shikamoo. Hukujibu, na mimi sikuandika tena. Idi kubwa imepita, skuli tumefunga. Joto limefika pale ambapo hata nzi hawaruki. Mama anaumwa magoti. Nakwambia haya kwa kuwa sijui niyaanze vipi mengine.

Kwa hasira nilitaka kurikodi kitu juu ya kaseti yako ya kwanza. Kabla ya kuifuta nikaisikiliza mara ya mwisho. Nilikwambia kuna simu inalia nyuma yako. Safari hii sikuisikiliza rili, nimesikiliza simu. Inalia mpaka inakatika. Inaanza tena, inalia mpaka inakatika. Iko karibu, iko chumba hichohicho. Na mkono wako hausiti hata mara moja, wala huharakishi, wala hupunguzi. Mtu akisikia simu inamlilia ubavuni, hata kama hataipokea, mkono utajua.

Tena nikafikiri: nyuzi nyembamba ndizo zilizokwenda kando, zile nene zote sawa. Simu huipendi. Kaseti tupu uliisifu.

Siandiki neno lenyewe, Ami. Wewe utaliandika ukitaka. Lakini kama ndivyo nilivyofahamu, basi Bader alisema maneno yale kwenye simu na wewe hukuyasikia, na watu wawili mmekaa miaka mitatu kila mmoja anadhani mwenzake amemvunjia heshima maiti.

Nasubiri.

Aliya


Ibra, 17 Agosti 1998

Mwanangu Aliya,

Umeniamkia mara mbili bila ya mimi kukuitikia. Marahaba, na tena marahaba. Turkiya ndiye aliyenitia kalamu mkononi. Amenambia kama siandiki mimi, ataandika yeye.

Neno lenyewe ni kiziwi. Si kiziwi mzima. Mtu akinikabili na akasema polepole, nauona mdomo na sehemu ya sauti naipata. Nilifanya kazi miaka mingi kwenye mashine za kufua umeme, zinanguruma mchana na usiku, na wakati ule hapana aliyeziba masikio. Zilianza kuondoka sauti za juu. Ndege kwanza. Kisha watoto. Kisha nyuzi nyembamba. Nilipokuwa nikipiga nikidhani nyuzi zimechakaa, nikanunua nyengine, na zile nyengine nazo kimya. Vidole vinakwenda kwa mazoea. Nusu ya kwanza naisikia kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Nusu ya pili siisikii kabisa, naipiga tu.

Kwa nini sikusema? Nimeona mzee mmoja msikitini kwetu. Watu walipojua hasikii, wakaacha kumuuliza yeye, wakawa wanamuuliza mwanawe, na yeye amekaa palepale. Nikajiapia mimi sitakuwa vile. Turkiya nikamkataza kusema kwa mtu yeyote.

Sasa simu ile. Naikumbuka, kwa sababu ilinipa furaha. Nilipita karibu yake nikauona mkono wa Turkiya unanionesha kwamba inalia, naye alikuwa anatoka kwenda kazini, gari limemngojea nje. Nikaipokea mwenyewe kwa kiburi. Nikasikia sauti ya kijana, kama inatoka ndani ya mtungi. Nikaipata "Ami." Nikaipata "baba." Nikamjua ni Bader. Harusi yake ilikuwa imekaribia na baba yako alikwishanambia kwamba siku ikipangwa wataniarifu. Nikasema moyoni, ndiyo hiyo. Nikampa mabruk. Nikakata haraka asije akaniuliza kitu nisichoweza kujibu. Siku ile nilimwambia Turkiya atafute kanzu yangu nyeupe kwa ajili ya harusi.

Siku mbili baadaye, sokoni, muuza mbuzi akanishika mkono akanipa pole. Nikamwambia pole ya nini.

Barua yako ya Aprili ndiyo iliyonifahamisha nilichomfanyia yule kijana. Si kwamba sikutaka kukujibu. Nilikuwa sina uso.

Waambie. Wakikataa kuamini, nitawafahamu.

Thani


Nizwa, 4 Oktoba 1998

Ami yangu,

Shikamoo. Tulifika nyumbani salama Alkhamisi ile tulipotoka kwako. Mama anakushukuruni wewe na Turkiya kwa tende na kwa samli. Magoti yake yamepata nafuu, au anasema hivyo.

Hukuniuliza na mimi sikukwambia ilivyokuwa kabla hatujaja. Nilimsomea mama barua yako sebuleni, Bader yupo. Nilipofika pale pa kanzu nyeupe, mama akaninyang'anya karatasi akataka kusoma mwenyewe, na yeye hasomi herufi hizi za Kizungu. Akaishika tu. Bader akatoka nje, akawasha gari, akaenda. Kwa hiyo hakuja Ibra na sisi. Usimchukulie vibaya. Alikuwa anajiuliza kwa nini hakupiga mara ya tatu, au hakupanda gari akaja.

Sasa nataka kukuandikia kitu ambacho pale kwako sikuweza. Nilipoichukua mandolini yako nikazilinganisha nyuzi na za baba, zile nyembamba zilikuwa zimelegea mbali. Nilikaza, nikakurudishia, ukaipiga rili. Ulipomaliza ukanitazama ukasema, "Vipi?" Na mimi nikakuonesha kwa mkono tu kwamba ni sawa. Sikuweza zaidi, nilikuwa nalia na ukadhani nimepata mafua.

Ilikuwa hivi, Ami. Nusu ya kwanza inatembea chini, kama mtu anayetoka nyumbani asubuhi. Ya pili inapoingia inaruka juu ghafla, halafu kila mara inataka kushuka na inakataa, inarudi juu, mpaka mwisho kabisa ndipo inaposhuka kwa haraka na kuangukia palepale ilipoanzia. Si ile niliyoibuni mimi. Yangu ilikuwa ya huzuni, na hii haina huzuni hata kidogo. Hukukosa mahali. Vidole vyako havikusahau kitu, nyuzi ndizo zilizokuwa zikikusingizia.

Mama alikuwa mlangoni na kikombe. Ulikuwa umempa mgongo, hukumuona. Alisema, si kwa sauti kubwa, "Nabhan alikuwa akiipiga hii akinisubiri nivae." Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Nimeona uwe nayo na wewe.

Nimeirikodi yote. Bader ameichukua kaseti kwenye gari lake na hajanirudishia. Jana amenambia atakuja kukuchukua Ijumaa baada ya sala, mwende kaburini kwa baba.

Aliya


Ibra, 25 Oktoba 1998

Mwanangu Aliya,

Marahaba. Turkiya mzima, anataka kuja kwenu wakati wa likizo. Mama yako mwambie mkate wake nimeula peke yangu, sikumgaia mtu.

Wewe hukuwepo makaburini, na najua Bader hatokusimulia. Basi nakusimulia mimi.

Njiani nilikaa kando yake. Alikuwa anaendesha, uso uko mbele, na mimi mdomo wake siuoni. Tulisimama Sinau tukanywa chai, akaniletea ya kwangu, akakishika kikombe mpaka nilipokipata vizuri. Kisha tukaendelea, tukapita mji wa Adam, tukafika kwenu jua limeshapoa.

Akanipeleka mpaka kwenye kaburi. Mawe mawili, kama makaburi yote, nisingelijua peke yangu. Nikasoma Fatiha. Nikamuombea. Nilipomaliza nikadhani tutaondoka.

Bader akaja akasimama mbele yangu, karibu, akaniwekea mikono mabegani ili nimtazame. Akasema polepole, mdomo wazi, "Ami, baba amefariki."

Nilimsoma neno kwa neno. Nikasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Nikamuuliza, lini? Akasema, alfajiri ya leo. Nikamuuliza, alikuwa anaumwa? Akasema, moyo, haikuchukua muda. Nikamuuliza, alisema kitu? Akasema, "Aliuliza kama umeshafika." Nikamuuliza, mama yenu je? Akasema, yuko ndani na wanawake, anakusubiri wewe, tumesema hatuziki mpaka uje.

Nikamwambia, "Nimekuja."

Tukakaa chini pale kwenye vumbi, yeye na mimi, tukamlilia baba yako.

Ami yako,
Thani